Irudi au Isirudi? Mjadala wa Beringi, Malaba

Injini ya Honda CG125 iko wazi juu ya meza ya mbao, kesi zake mbili zimelala kama maganda ya njugu. Tuko chini ya mwembe Malaba, hatua chache kutoka barabarani, na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda yanatikisa ardhi hata mafuta ya taa kwenye sufuria hayatulii. Beringi mbili ziko juu ya gunia safi. Mbili zimebaki ndani ya kesi. Ya tano imeng'ang'ania krenki upande wa kushoto, na hiyo ndiyo iliyotukusanya.

Pikipiki ilikuwa ya marehemu mjomba wangu, afisa wa kilimo aliyeipanda miaka mingi kwenye vumbi la Teso na Bukhayo. Mwaka juzi niliipeleka gereji moja ikiwa na kelele kidogo. Nikaambiwa beringi ya krenki ya kulia imekwisha. Nikalipia mpya, nikaonyeshwa na kasha lake. Mwezi huu, nikitoka Malaba kwenda Busia, injini ilijam kabla sijafika Alupe. Tairi la nyuma likaburuta lami, na dereva wa lori lililokuwa nyuma yangu akakwepa kwa upana wa mkono. Beringi ile ilipotolewa, njia yake ya gololi ilikuwa imemenyeka, kizimba kimekatika vipande viwili, na maandishi kwenye ringi ya nje yalikuwa yamefutwa kwa msasa. Nilikuwa nimeuziwa kuukuu iliyooshwa ikavishwa kasha jipya.

Basi swali hili nimelibeba na majeraha yake: injini ya zamani ikifunguliwa, beringi zake zirudi au zisirudi? Nimewaomba watu wanne wanijibu mbele ya injini yenyewe. Fundi, mwenye meza hii na mwenye mwembe. Mama Spea, anayeuza vipuri Busia. Mwalimu, anayefundisha umekanika. Na kijana wa boda aliyeniokota njiani siku ile akaivuta pikipiki yangu kwa kamba mpaka mjini.

FUNDI: Tazameni hii ya kushoto. Ina maandishi ya Japani, na tangu marehemu ainunue pikipiki hakuna aliyeigusa. Hiyo iliyoitwa mpya imekufa kwa miaka miwili, kuukuu ingali imekaa. Mnataka niing'oe nimwekee nini? Nimefunga injini tangu enzi za Suzuki A100. Beringi iliyombeba mtu miaka yote hiyo siitupi kwa kosa la jirani yake.

MAMA SPEA: Mzee, sifa zako zimefika mpaka Busia na mimi ni mmoja wa wanaozieneza. Lakini mpigie mteja hesabu. Kuishusha injini, kuifungua, gasketi mpya, mafuta mapya, kuifunga, na siku zote ambazo pikipiki imelala. Bei ya beringi moja ni kitu gani mbele ya hayo? Ukiiokoa leo ikafa baada ya miezi mitatu, analipa yote mara ya pili. Mimi nasema krenki ikishatoka, beringi zote zitoke nayo.

KIJANA: Mama, wewe si unauza?

MAMA SPEA: Nauza, mwanangu, sifichi. Lakini injini ikijam anayetukanwa ni mimi. Hakuna anayemrudia fundi wake aseme "uliigonga vibaya." Wote huja dukani na chuma mkononi.

MWALIMU: Naomba tusiifanye beringi moja iwe shahidi wa beringi zote. Mtengenezaji anapotaja maisha ya beringi, anasema hivi: chukua 100 za aina moja, zipe mzigo mmoja na mafuta yaleyale, 90 zitaufikia muda huo. Kumi zitakufa kabla. Na nusu ya zile 100 huenda zikauvuka muda huo karibu mara tano. Ndivyo uchovu wa chuma ulivyo, haupigi zote kwa siku moja. Kwa hiyo, Mzee, ukiniambia hii imeishi miaka mingi, sijui bado itaishi mingapi. Na Mama akiniambia ile ni mpya, sijui kama haimo katika zile kumi.

FUNDI: Basi umenitetea. Umri si kosa.

MWALIMU: Umri si kosa, Mzee. Nina wasiwasi na mafuta. Beringi ya kulia ilipomenyeka, vile vipande vya chuma vilikwenda wapi? Hizi za krenki hazina kifuniko, zinakunywa mafuta yanayorushwa ndani ya kesi. Ya kushoto imekuwa ikinywa kutoka kikombe kimoja na mgonjwa.

Hapo Fundi alinyamaza, akachukua bisibisi, akafungua kifuniko cha chujio mwishoni mwa krenki. Ni vizuri msomaji aijue sehemu hii. CG125 Honda waliibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, kwa mtu anayebeba mizigo na kuchelewa kubadilisha mafuta, na injini zilizonakiliwa kutoka kwake zimetoka China kwa wingi na kujaa barabara za Afrika Mashariki. Haina chujio la karatasi. Ina wavu chini, na ina hiki kikombe kinachozunguka pamoja na krenki: mafuta yakipita, uchafu mzito hurushwa ukutani na kuganda hapo. Kilipofunguliwa tuliona uji mzito wa kijivu, unaometameta. Fundi aliuchota kwa kidole akausugua kati ya vidole viwili. Chuma kitupu.

FUNDI: Hiki kikombe kimeiokoa konrodi. Mafuta ya beringi ya chini ya konrodi hupita hapa kwanza. Njoo, kijana wangu, shika. Ivute juu na chini. Unasikia nafasi?

KIJANA: Sisikii. Inacheza pembeni tu.

FUNDI: Pembeni inaruhusiwa, ndivyo ilivyotengenezwa. Juu na chini isicheze hata kidogo. Ikicheza, ile haina mjadala: krenki nzima ibadilishwe, au ipelekwe kwa mtu mwenye presi na saa ya kupimia, aibane upya na kuinyosha. Wanaoinyosha kwa nyundo juu ya jiwe wanamtengenezea mwenzao kifo.

MWALIMU: Konrodi imepona kwa sababu ya kikombe. Beringi za krenki hazina kikombe.

FUNDI: Nimesikia. Tuioshe kwanza, tuihukumu ikiwa safi.

Kuosha beringi ni kazi iliyonifanya niandike haya, maana sikuwa nimewahi kuiona ikifanywa kwa subira. Sufuria ya kwanza ina mafuta ya taa. Krenki ikazamishwa upande wa kushoto, beringi ikazungushwa polepole kwa kidole, ikatolewa, ikazamishwa tena. Brashi ya rangi yenye manyoya laini ikapita kati ya gololi. Mafuta ya kwanza yakawa meusi, yakamwagwa. Sufuria ya pili ina petroli kidogo, mbali kabisa na jiko. Kisha ikaachwa ichuruzike juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi. Kijana, kwa nia njema, akainua bomba la kompresa aikaushe kwa upepo. Fundi akamshika mkono.

FUNDI: Hapana, mwanangu. Najua mnapenda ule mlio. Upepo unaizungusha kavu kwa mwendo ambao hata barabarani haifiki. Gololi zinajikwaruza bila mafuta, na kizimba kikikatika kinaweza kukutoa jicho. Iache ikauke yenyewe.

KIJANA: Lakini ikiwa kavu inapiga kelele. Sikiliza, imekwisha hii.

FUNDI: Kila beringi safi na kavu hupiga kelele, hata iliyotoka kwenye kasha asubuhi. Mafuta ndiyo yanayoinyamazisha. Wengi wametupa beringi nzima kwa sababu hiyo, na wengi wamerudisha mbovu kwa sababu iliwekwa grisi ikanyamaza. Tia tone la mafuta mepesi. Sasa bana ringi ya nje kwa vidole vitatu, ikandamize kidogo upande mmoja, zungusha polepole kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya mchele. Usisikilize kwa sikio. Sikiliza kwa ncha za vidole.

MAMA SPEA: Na ile nafasi ndani yake? Wateja huniletea wakisema inatikisika.

MWALIMU: Beringi ya krenki hutakiwa itikisike kidogo ikiwa mkononi. Ndiyo maana ya ile alama ya C3.

MAMA SPEA: Hapo umenigusa penye kidonda, Mwalimu. Mtu anakuja, "Nipe 6304." Namuuliza ya nini, gurudumu au injini? Ananishangaa, namba si ni moja? Ndiyo, namba ni moja: tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata tundu, milimita 20, na kwa nje ni 52. Vipimo vyote sawa. Lakini yenye C3 imeachiwa uwazi mkubwa zaidi kati ya gololi na njia yake, kwa sababu itabanwa kwenye krenki, itapata moto, itavimba. Isiyo na C3 ukiibana hapo, ule uwazi unakwisha, gololi zinasagana. Na wapo wanaochukua ya gurudumu yenye mipira pande zote mbili wakaipachika ndani ya injini. Mpira unachemka, grisi inaoshwa na mafuta, vipande vinazunguka. Mpya kabisa, ya kampuni nzuri kabisa, na injini inakufa.

FUNDI: Kwa hiyo hata mpya ina makosa yake, Mama.

MAMA SPEA: Makosa ya anayenunua bila kuuliza, na ya anayeuza bila kuuliza. Nimekaa kwenye biashara hii tangu kabla ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Pikipiki zilimiminika kama mvua ya masika na spea zikazifuata, njema na mbovu. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama nauza makasha matupu. Makasha matupu ya beringi, mnajua ni ya kazi gani?

Nilijua. Kasha nililoonyeshwa mwaka juzi lilikuwa limeng'aa. Kampuni kubwa za beringi zinapambana na jambo hili dunia nzima. SKF ya Sweden, iliyoanza mwaka 1907, imetoa hata programu ya simu ya kupiga picha kasha na beringi ili wataalamu wao waseme kama ni yao. Kenya ina Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi tangu 2008. Yote hayo ni mema. Lakini beringi iliyonijamisha haikupita kiwandani kwa wezi wa majina. Ilitoka kwenye debe la vyuma chakavu chini ya meza kama hii, mahali ambapo fundi mwingine, huenda mwaminifu kabisa, aliitupa baada ya kuihukumu kwa haki.

KIJANA: Nyinyi mnazungumza krenki. Mimi zinazonimaliza ni za gurudumu. Wiki hii nimebadilisha za nyuma, na zile za mwisho hazikumaliza hata miezi michache.

MWALIMU: Unabeba wangapi?

KIJANA: Wawili. Watatu siku ya soko. Magunia ya mahindi, dagaa kutoka Sio Port, chochote. Tajiri mwenye pikipiki anataka pesa yake jioni, hajali nimebeba nini.

MWALIMU: Beringi ya gololi inalipiza mzigo kwa ukali, mwanangu. Ukiuongeza mzigo mara mbili, maisha yake hayapungui nusu. Yanabaki sehemu moja kati ya nane. Ukiiwekea mshikaki wa watatu kila siku, hata ya Japani haitakusikiliza.

KIJANA: Moja kati ya nane?

MWALIMU: Mbili mara mbili mara mbili. Hesabu mwenyewe.

Akahesabu kwa vidole, kisha akakaa kimya muda mrefu akiitazama pikipiki yake, Boxer, iliyoegeshwa kando. Mji wa Busia ndio uliolipa neno boda maana yake. Baiskeli zilizowavusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpakani ndizo zilizoitwa hivyo kwanza, na leo jina linasikika mbali na mpaka huu. Vijana wa hapa wanaubeba uchumi wa mpaka juu ya ringi mbili za chuma zenye upana wa sarafu chache. Wana haki ya kujulishwa kilichomo ndani yake.

FUNDI: Turudi kwenye krenki. Mwalimu, kuna jambo hujalisema na ndilo kubwa kuliko yote. Beringi nyingi kuukuu hufa mezani, si barabarani. Tazama hii ya kushoto, ringi ya ndani ndiyo iliyobana kwenye krenki. Nikiishika kwa pula kwenye ringi ya nje nikavuta, nguvu yote inapita wapi?

MWALIMU: Kwenye gololi.

FUNDI: Kwenye gololi! Kila gololi inachimba kishimo kwenye njia yake. Huvioni kwa macho. Unaiosha, inang'aa, unairudisha, baada ya wiki inaanza kuimba. Fundi anasema beringi ilikuwa mbovu. Yeye ndiye aliyeiua. Kwa hiyo kanuni yangu haijabadilika: ipimwe ikiwa bado imekaa mahali pake. Ikifaulu, ibaki hapohapo, usiing'oe kuiangalia. Ikishang'olewa kwa kuvutwa kupitia gololi, hairudi hata kama ilikuwa nzima, hata kama mteja analia.

MAMA SPEA: Hilo nakubali. Kumbe tulikuwa tunagombana juu ya vitu viwili tofauti. Mimi nazikataa zilizong'olewa, wewe unazitetea zilizokaa.

MWALIMU: Na kesi? Hizo mbili za giaboksi zimebaki ndani.

FUNDI: Zimepita. Nimezizungusha mbele yenu, ni laini kama siagi, na giaboksi haina mwendo wala kishindo cha krenki. Ringi za nje hazijazunguka ndani ya kesi, angalia, hakuna ule mng'ao wa kusuguana. Zinabaki. Ile ndogo ya klachi imetoka kwa mkono bila kuvutwa, nayo ni nzima.

KIJANA: Na ya kushoto?

Fundi alinawa mikono kwa sabuni na maji, akaikausha. Akaibana ringi ya nje, akaikandamiza, akaanza kuizungusha. Nusu mzunguko. Akarudi nyuma. Akabadili upande akaikandamiza tena. Foleni ya malori ilikuwa imesimama, kulikuwa na utulivu. Nilimwona akifunga macho.

FUNDI: Mwalimu, njoo. Weka kidole hapa. Zungusha kidogokidogo.

MWALIMU: Hapo. Na hapo.

FUNDI: Kama mchanga mwembamba sana.

MWALIMU: Vipande vya mwenzake. Vimepita chini ya gololi vikaacha alama. Kijana, leta simu, washa taa, sogeza picha. Unaona njia ilivyofifia pale, haing'ai kama kioo?

KIJANA: Naona. Vidoa vidogo.

FUNDI: Basi. Hii inatoka.

Alisema hivyo bila kubishana tena, yeye aliyeitetea tangu asubuhi, na heshima yangu kwake ilianzia hapo. Beringi ya Japani iliyombeba mjomba kote alikokwenda iliuawa na ile ya upande wa pili, kwa chuma ilichokitapika ndani ya mafuta. Ningeweza kusema gereji ile iliniibia beringi moja. Iliniibia mbili.

Mama Spea alifungua mkoba. Alikuwa amekuja na mbili kutoka dukani kwake, C3 zote, na hakutaka nizilipie kabla Fundi hajazikagua. Zikafungwa kwenye mfuko wa plastiki zikapelekwa kwenye friji ya soda ya jirani. Kesi ikawekwa juu ya bati, bati juu ya jiko la makaa, mbali na ndimi za moto. Kila baada ya muda Fundi alidondosha tone la maji. Mwanzoni lilitandaa tu. Kisha likachemka palepale na kukauka.

MWALIMU: Inatosha. Alumini huvimba karibu mara mbili ya chuma cha kawaida. Tundu la milimita 52 likipanda joto digrii 80, linafunguka karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni unene wa unywele au zaidi kidogo.

FUNDI: Unywele mmoja ndio tofauti ya kuingia kwa kidole na kuingia kwa nyundo.

Beringi ilitoka kwenye friji imefunga ukungu wa baridi. Akaifuta upesi, akaipaka mafuta, akaiweka juu ya tundu. Ilizama yenyewe, ikatoa mlio mmoja wa chini, tok, na kukaa. Hakuna nyundo iliyoinuliwa. Ya pili ikafuata upande wa pili.

MAMA SPEA: Sasa kuukuu zenu mtazipeleka wapi?

KIJANA: Kwenye debe. Wanunuzi wa chuma chakavu watapita Ijumaa.

Nikasema hapana. Nikawaeleza jambo nililokuwa nikilifikiria tangu Alupe: debe hili ndilo mlango. Beringi ikihukumiwa mbele ya mwenye pikipiki, ifanywe isiweze kurudi, na mwenye pikipiki aone.

FUNDI: Kazi ya ziada hiyo.

MAMA SPEA: Dakika moja, Mzee. Mimi ningelala vizuri.

Fundi alimtazama, kisha akanitazama mimi. Akaibana beringi ya kushoto kwenye vaisi, akamwambia kijana avae miwani na sote turudi nyuma, kwa maana chuma kigumu namna hii hakipigwi nyundo, kinaruka vipande. Kijana akawasha grainda. Cheche zikamwagika mpaka miguuni mwetu. Ringi ya nje ikakatika, gololi zikaanguka moja moja juu ya bati, na ya kulia ikawekwa mahali pake kwenye vaisi.